Mkono wa Mjomba

Mbwana Boga wa Munje hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, kwa sababu wako ambao hata leo wakitajiwa jina lake hupinda midomo, na wengi wao hawakumjua hata kidogo. Alikuwa mkulima wa minazi na mikorosho, mtu mfupi, mpole, msafi wa kanzu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na kimo chake. Makuti aliyoyasuka yeye hayakuvuja masika ya kwanza wala ya tatu. Mkewe Biasha alikuwa akisema kwamba mumewe angeweza kuishi mwaka mzima kwa neno moja tu, nalo ni "naam". Ukimwambia mvua itanyesha, naam. Akija mwingine akasema haitanyesha, naam vilevile. Watu wa Munje wakamwita Mzee Naam, naye kila alipoitwa hivyo aliitika, "Naam."

Usidhani alikuwa mjinga. Alilelewa hivyo. Kumkatalia mtu mbele za watu, kwake yeye, kulikuwa sawa na kumvua nguo. Mtu akitaka jambo lisilofaa, ulinyamaza, ukangoja mpaka mkutane faragha, ukamwambia taratibu huku mnatafuna tambuu. Kwa ugomvi wa mipaka ya mashamba njia hiyo ilifaa sana, na wengi walipatanishwa nayo. Ndiyo maana mwaka wa hamsini na tano, ilipotakiwa Munje na Msambweni zitoe mjumbe mmoja wa kwenda Baraza la Mwambao kule mlimani Kwale, jina lake lilipita bila kelele. Nani angempinga mtu ambaye hajawahi kumpinga mtu?

Baraza hilo lilikuwa na wajumbe kumi na saba, na mwenyekiti wao alikuwa DC, mkuu wa wilaya, Mzungu mwembamba mwenye subira. Lilitunga sheria ndogo ndogo za visima, za masoko, na za mbuzi wanaoingia mashamba ya watu. Siku ya kikao Mbwana alipanda lori la alfajiri, kanzu nyeupe ameikunja ndani ya kikapu ili vumbi la njiani lisiiharibu, akaivaa akishafika. Kura zilipigwa kwa mikono. Karani alisoma jambo, DC akauliza nani anakubali, mikono ikapanda, karani akaihesabu kwa ncha ya kalamu.

Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Mzee Abdurahman wa Diani, baba yake Biasha, yaani mkwe wake Mbwana. Hapa sina budi nisimame nieleze, kwa maana asiyelijua hili hatamwelewa Mbwana asilani. Mkwe si mtu wa kubishana naye. Ukikutana naye njiani unampisha. Akiingia unainuka, akisema unatazama chini, na akikosea unamwacha akosee. Mzee Abdurahman alikaa safu ya mbele, na Mbwana nyuma yake, upande wa kushoto. Kila mzee alipoinua mkono, mkono wa Mbwana nao ulipanda. Kuuacha chini, alimwambia Biasha, kungekuwa kama kuamkiwa ukakataa kuitikia. Miaka mitatu alikwenda hivyo, na kwa mambo ya visima na mbuzi hakuna aliyedhurika.

Sasa kuhusu Alfani. Huyu alikuwa mtoto wa pekee wa Mwanarusi, dada yake Mbwana. Baba yake alikufa yeye bado ananyonya, na kwetu mjomba ni mzazi hata baba akiwa hai, seuze akiwa kaburini. Mbwana ndiye aliyempeleka chuoni kuhitimu Kurani, akampeleka skuli, na baraza lilipojenga jumba la mikutano Msambweni na kutafuta msimamizi, yeye ndiye aliyesema faraghani na wajumbe wawili watatu mpaka kijana akapata kazi. Mwanarusi aliliona jambo hilo kubwa kuliko kuhiji. Kila Ijumaa baada ya sala Mbwana alikwenda kula kwa dada yake, wali wa nazi na mchuzi wa papa, na Alfani akawa anawasimulia yaliyosemwa na redio. Kazi yake ilikuwa kufagia jumba, kupanga viti, na kuifungua redio ya baraza, sanduku kubwa la betri ambalo watu walikuja kulisikiliza baada ya sala ya alasiri.

Mwaka wa hamsini na nane, mwishoni mwa mfunguo tatu, kwa Kizungu mwezi wa saba, redio hiyo ilileta habari kwamba wanajeshi wa Iraki wamempindua mfalme wao na kumwua, yeye na jamaa zake, asubuhi moja tu. Mfalme mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, na ukoo wake ukihesabiwa mpaka kwa Mtume. Msambweni nzima ikagawanyika. Wazee walisema damu ya Sharifu haimwagwi. Vijana walisema wafalme wamekula vya kutosha, wacha na wengine waonje. Idhaa ya Cairo, ambayo ilisema Kiswahili kizuri na kupiga nyimbo nzuri zaidi, ilikuwa upande wa wanajeshi, na jumba la Alfani likajaa watu mpaka madirishani.

Baraza lilipokutana mwezi wa nane, Mzee Abdurahman alisimama, bakora mkononi.

"Bwana mwenyekiti, nanyi ndugu zangu," alisema. "Ameuawa kijana wa watu, Sharifu, ndani ya nyumba yake, pamoja na wanawake. Sisi tuko mbali, ndiyo. Lakini tukinyamaza tutamjibu nini Mola wetu?"

Machozi yalimtoka waziwazi, na hakuyafuta. Aliomba baraza lilaani kitendo cha wanajeshi wale na lipeleke simu ya maandishi ya kuwapa pole jamaa za marehemu. Mikono kumi na saba ikapanda. Mbwana aliuinua wake kwa moyo mkunjufu, na katika kura nne alizozipiga juu ya wanajeshi wa nchi za watu, hiyo ni moja kati ya mbili tu zilizokuwa zake mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata Alfani alimchokoza wakiwa mkekani.

"Mjomba, huyo mfalme atawajibu lini simu yenu?"

"Amekufa, wewe mtoto."

"Ndiyo maana nauliza."

Mwanarusi alimpiga kofi la mgongo, wakacheka wote watatu mpaka Mbwana akapaliwa na wali.

Kura ya pili ilikuja mwezi wa tisa. DC alikuwa amesikia kwamba katika majumba ya baraza watu wanakusanyika kusikiliza idhaa zinazowasifu wapinduzi, na hakupendezwa. Ikasomwa sheria. Katika majumba ya baraza redio isifunguliwe idhaa yoyote inayowasifu wanajeshi wale, na msimamizi atakayefanya hivyo hali ameijua sheria, ataachishwa kazi. Tena kila mjumbe ataitangaza kwao Ijumaa ya kwanza, asimame baada ya sala watu wote wasikie. Mbwana alimfikiria Alfani. Kwa kweli alimfikiria, sitaki kumsingizia. Lakini mbele yake mkono wa Mzee Abdurahman ulikuwa umekwisha panda, umeganda hewani, na wa kwake ukapanda nyuma yake.

Akarudi na sheria kifuani. Ijumaa ilipofika alivaa, akaenda msikitini, akasali. Imamu alipomaliza dua, Mbwana alitazama zile safu za watu. Wote aliwajua kwa majina. Wote walikuwa na mahali pao katika lile jumba la redio, wengine na viti vyao walivyovizoea. Yeye ndiye angesimama awaambie hapana, yeye ambaye neno hilo halijawahi kumtoka. Akasema moyoni, Ijumaa ijayo. Alasiri alipita jumbani, akamkuta Alfani juu ya ngazi akifunga waya wa redio kwenye boriti ili isikwaruze. Watu walimwamkia, wakamwachia kiti cha mbele. Cairo ikapiga wimbo. Mbwana aliupenda sana wimbo huo, akakaa mpaka ukaisha, akaomba maji, akakaa na wa pili.

Ijumaa ya pili kulikuwa na maziko, na maziko si mahali pa kutangaza habari za redio. Ijumaa ya tatu alikuwa na homa, homa ya kweli au ya kujipa, Mungu ndiye ajuaye. Ya nne hakujisumbua hata kutafuta sababu. Alijipa moyo kwamba sheria za mlimani mara nyingi hazishuki, kwamba ile ya mbuzi hakuna aliyeifuata na mbuzi walikuwa wazima mashambani mwa watu. Kwa dada yake aliendelea kula.

"Mjomba, mlipitisha nini safari hii?" Alfani alimwuliza siku moja.

"Mambo ya kule kule tu," akasema Mbwana, akajichotea mchuzi.

Mwezi wa kumi Bwana Afya wa baraza alikuja Msambweni kukagua visima. Akapita karibu na jumba, akaisikia Cairo ikisema kwa sauti nzima, madirisha wazi, na msimamizi kakaa kando akitingisha kichwa. Aliandika aliyoyasikia na kuyapeleka mlimani. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja jina la Alfani likawa mbele ya baraza.

Siku hiyo kulikuwa na ukungu Kwale, na ndani ya jumba la mawe baridi ilikuwa ikipita chini ya milango. Karani alisoma barua ya Bwana Afya. Kisha DC, ambaye nimeshasema alikuwa mtu wa subira, aliuliza swali la haki.

"Sheria inasema, hali ameijua. Je, kijana huyu aliijua?"

Mzee Abdurahman akainuka polepole.

"Mjumbe wa huko ni mkwe wangu," alisema, "naye ni mjomba wa kijana huyo. Sina shaka kazi yake aliifanya. Lakini mwenyewe yupo hapa, na aseme."

Mbwana alisimama. Katika maneno yote ya mzee, lililomwingia masikioni ni moja tu: sina shaka kazi yake aliifanya. Kama angesema hakuifanya, angekuwa amemwumbua mkwe wake mbele ya Mzungu na wajumbe wote, ameonyesha kwamba mzee wa watu amedhamini kitu kisichokuwapo. Alitazama chini, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwe. Aliona vidole vyake vya miguu ndani ya makubazi, vyeupe kwa vumbi la njiani.

"Naam," akasema, akaketi.

DC aliuliza nani anakubali Alfani aachishwe kazi. Kwa muda mfupi hakuna mkono uliopanda. Mbwana alidhani wanasitasita tu. Hakujua kwamba wanamtazama yeye. Mtoto hakatiwi neno mbele ya mjomba wake mpaka mjomba aseme, na wale wajumbe walikuwa watu wa pwani kama yeye, walilijua hilo tangu utotoni. Yeye akaona ukimya umekuwa mrefu mno, akaona DC anangoja na kalamu ya karani inangoja, akaona ni utovu wa adabu mtu kuulizwa akakosa wa kumjibu. Akainua mkono. Wake ndio uliokuwa wa kwanza. Baada yake wakainua wengine kumi na wanne, mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu mkono wa Mzee Abdurahman ulipanda baada ya ule wa mkwewe.

Kesho yake Mwanarusi alimleta Alfani nyumbani kwa Mbwana, amemshika kwenye kiwiko. Kijana alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu kuliko wote wawili, na alishikwa hivyo hivyo bila kujitoa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Muombe radhi," akasema Mwanarusi. "Mjomba wako kakutafutia kazi kwa heshima yake, nawe umemfedhehesha mbele ya wenzake. Muombe radhi hapa nikisikia."

Alfani alipiga magoti mkekani.

"Mjomba, nimekuaibisha. Wallahi sheria hiyo sikuisikia. Pengine ilitangazwa siku ambayo sikuwapo. Lakini kutosikia kwangu si kosa lako. Nipe radhi zako."

"Sikuisikia, sikuisikia!" Mwanarusi alimkatiza. "Msikiti mzima usikie, wewe peke yako uwe kiziwi?"

Nimeeleza habari za mkwe na heshima yake, na zote ni kweli. Lakini pale hakuwapo mkwe. Hakuwapo DC, wala karani na kalamu yake. Walikuwapo dada yake na mtoto aliyemlea, na Biasha ndani akipepeta mchele. Lilikuwa neno moja la kusema. Mimi nikifika hapa kila mara nataka kuingia ndani ya hadithi nimtikise mabega. Mbwana alinyosha ule mkono wake mkubwa, akauweka juu ya kichwa cha Alfani.

"Radhi zangu unazo," alisema, "duniani na akhera."

Alfani aliubusu mkono huo.

Kijana aliondoka siku ya tatu yake kwenda Tanga, kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, maana Msambweni kila mtu alikuwa akimwuliza. Mama yake alikuwa bado ana hasira. Hakumfungia mkate wala sambusa za njiani kama mama wengine, na neno lake la mwisho lilikuwa kwamba asirudi mpaka ajifunze adabu. Baadaye alilia, lakini alilia peke yake.

Mbwana aliendelea kwenda kula kila Ijumaa. Mwanarusi alimtilia vipande vikubwa zaidi vya papa, vile ambavyo vilikuwa vya Alfani.

"Kaka, mtu mwingine angemlaani mtoto yule," alimwambia siku moja akimnawisha mikono. "Wewe ulimpa radhi. Mungu akulipe."

Chakula hakikumshuka. Akaanza kukonda, na Biasha akadhani ana minyoo, akampikia dawa ya mizizi. Mbwana aliinywa yote.

Mwezi huohuo wa kumi na moja wanajeshi wa Sudani nao waliipindua serikali yao. Kikao cha baraza kilikuwa katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Mjumbe mmoja, mfanyabiashara aliyependa kusikika, akaleta jambo. Alisema wanajeshi wa Sudani, tofauti na wale wa Iraki, ni watu wa utulivu, hawakumwua mtu, wameleta amani, na ingefaa baraza liwapelekee salamu za heri. DC hakupinga. Alionekana hata kupendezwa. Akauliza nani anakubali.

Mikono ikapanda. Mkono wa Mzee Abdurahman ukapanda mbele kabisa. Mbwana alikuwa ameuweka wake juu ya goti, na alikuwa akiutazama kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akishike. Ukabaki pale. Karani akahesabu, akahesabu tena.

"Kumi na sita," akasema karani.

"Mjumbe wa Munje hakubali?" akauliza DC.

Mbwana alisimama. Sauti ilipotoka ilitoka nene kuliko alivyotazamia.

"Sikubali," alisema. "Mwezi wa nane tuliwalaani wanajeshi waliopindua. Mwezi wa tisa tukatunga sheria mtu asisikilize anayewasifu. Mwanangu Alfani kafukuzwa kazi kwa sheria hiyo. Leo wamepindua wengine, na sisi wenyewe tunawasifu. Basi na sisi tufukuzane."

Wengine wakacheka wakidhani anatania. DC akatabasamu, akasema kwamba habari ya kijana yule haimo katika mambo ya leo, na karani akaandika kumi na sita kwa mmoja. Salamu za heri zikapelekwa. Sudani hawakujibu pia.

Kikao kilipovunjika Mzee Abdurahman alimngoja kwenye ukumbi wa mbele, amekaa juu ya ukuta mfupi, bakora kati ya magoti. Mbwana alisimama mbali kidogo, macho chini. Alijua amekosa adabu, ameuacha mkono chini mkwe wake ameinua wake, na alikuwa tayari kukaripiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Njoo karibu." Mzee alimtazama usoni. "Leo umeweza."

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Mimi Sudani siijui. Nimeinua mkono kwa sababu sikuona la kupinga." Akaigonga sakafu kwa bakora, taratibu. "Ile siku ya mpwa wako, mwanangu, nilikungoja. Nilijua hukutangaza. Jamaa zangu wako Msambweni, wanakwenda jumbani pale kila alasiri, na hakuna aliyesikia sheria. Nikasema, nikimsemea mimi nitakuwa nimemvunjia heshima mkwe wangu, nimemwita mtegea kazi mbele ya watu. Kwa hiyo nikakupa nafasi useme mwenyewe. Mwenyewe yupo, nilisema, na aseme. Ungesema neno lolote, hata ungeomba tuahirishe, sote tungekaa upande wako. Wewe ukasema naam."

Mbwana aliutazama mkono wake.

"Na bado tukangoja mkono," akaendelea mzee. "Nani angeinua wake kabla ya mjomba? Kama ungeuacha pale ulipouacha leo, Alfani angekuwapo jumbani mpaka sasa."

Wote wawili walikuwa wamenyamaza kwa heshima, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na katikati yao kijana wa watu akapotea. Mzee Abdurahman alilia tena siku hiyo kama alivyomlilia mfalme wa Iraki, na safari hii aliyafuta machozi, kwa ncha ya kilemba chake.

Ijumaa Mbwana alikwenda kwa dada yake. Wali ulikuwa umekwisha pakuliwa. Hakunawa. Alimwambia yote akiwa amesimama mlangoni, kuanzia sheria na zile Ijumaa nne mpaka naam na mkono uliotangulia, na mwisho ile radhi.

Mwanarusi alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini polepole.

"Kwa hiyo alisema kweli," alisema. "Mwanangu alisema kweli, nami nikamwita kiziwi. Nikamtoa nyumbani bila hata mkate."

"Dada yangu, kosa ni langu."

"Ulimwacha akupigie magoti."

"Nilimwacha."

"Akakubusu mkono."

"Naam," akasema Mbwana, na papo hapo akatamani neno hilo limrudi kooni.

Mwanarusi aliifunika sinia ya wali kwa kawa, akaisogeza kando na mkeka. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Ijumaa usije," alisema.

Akaacha kwenda. Aliacha na baraza vilevile. Alimwandikisha karani barua ya kujiuzulu, na alipoulizwa sababu akasema mkono unamwuma. Mwalimu wa skuli alimwandikia barua tatu kwenda Tanga, zote zikieleza ukweli bila kuficha, na zote tatu zikarudi na mihuri juu yake kwamba mwenyewe hapatikani. Kila aliyekuwa akielekea Tanga alipewa ujumbe: mtafute Alfani, mwambie mjomba wake anamtaka. Miezi ikapita. Siku za Ijumaa alikula kwake, Biasha akimpakulia wali na kukaa naye, wala hakumwuliza kitu.

Katikati ya mwaka wa hamsini na tisa akaja mtu kutoka Tanga, mshona viatu, aliyekuja kumzika shangazi yake Munje. Jioni ya hitima wanaume walikuwa wamekaa mikekani, mchuzi na mikate ya mofa vimekwisha liwa, vikombe vya kahawa vikizunguka. Yule mgeni akauliza nani hapa ni Mbwana Boga.

"Naam," akaitika Mbwana.

"Nina salamu zako kutoka kwa mpwa wako Alfani. Tulikuwa tukikaa mtaa mmoja. Aliniambia nikuamkie sana. Anasema kila anapopata shida huzikumbuka zile radhi ulizompa, hata baada ya kukuaibisha, na moyo wake hutulia. Anasema watu wengine wangemlaani."

Wazee mkekani walitikisa vichwa kwa kupendezwa, mmoja akasema mashaallah. Mbwana alikiweka chini kikombe chake. Kisha Mzee Naam alisimama, mbele ya watu wote, pale ambapo zamani angengoja faragha.

"La," alisema. "Mwambie la. Mwambie sikuwa na radhi ya kumpa. Sheria ile sikuitangaza, si yeye aliyekuwa kiziwi, mimi ndiye niliyenyamaza, na mkono wa kwanza uliomfukuza ulikuwa wangu. Mwambie mimi ndiye ninayemwomba radhi yeye. Mwambie nimesema mbele ya watu hawa."

Mshona viatu alikuwa amebaki na kahawa yake karibu na mdomo. Alimtazama mzee, akawatazama waliokaa, akatafuta namna ya kulisema.

"Mzee wangu, salamu hizo alinipa siku akiondoka," alisema. "Alikuwa anapanda gari la moshi kwenda bara. Hakusema anakwenda wapi."

Mbwana aliendelea kusimama, ule mkono wake mkubwa umenyoshwa kidogo mbele. Na watu waliokuwa pale mkekani, watu wake wa Munje aliowapatanisha na kuwasemea miaka yote hiyo, wakatazama chini kwa heshima, wala hakuna aliyesema neno.